Staa wa Kamera, Waache Madogo Wakasome Picha!

Wadau, kuna klipu inazunguka kwenye simu za watu mjini na imeshapigiwa makofi ya kutosha. Staa mmoja wa kamera hapa Dar, jina kapuni, yule ambaye kwenye harusi za watu maarufu hakosi kuonekana amepiga goti mbele ya keki na lenzi yake ndefu, alikuwa laivu Instagram. Dogo mmoja akamuuliza: bro, nimepata nafasi chuo cha sanaa na ubunifu, nasomea picha, niende?

Staa akacheka kwanza. Kisha akasema chuo cha picha ni sehemu ya kuchomea ada ya wazazi. Kamera haifundishwi darasani, YouTube ipo, bando lipo, kipaji anatoa Mungu. Yeye hajawahi kukalia dawati la chuo cha picha na bado anaingiza mkwanja kuliko wakufunzi wote wa picha mjini. Mioyo ikapaa kwenye skrini, mashabiki wakaandika "ukweli mchungu", klipu ikasambaa.

Hazikuisha wiki 2, likatoka bango. Semina ya upigaji picha, siku 2, mwalimu ni yule yule. Kiingilio laki 3. Chai na msosi wa mchana vimo. Na mwishoni washiriki wote wanapewa cheti.

Hebu soma tena hapo polepole. Anayesema picha haifundishwi anauza somo la picha. Anayesema cheti ni karatasi tu anagawa karatasi. Anayewaonea huruma wazazi kwa ada ya miaka 2 anataka laki 3 za siku 2. Biashara ni biashara na kila mtu ana haki ya kutafuta riziki, lakini riziki ya kuwatoa watoto wa watu darasani ili waje kukaa kwenye darasa lako, hiyo ina jina lake.

Ingekuwa kichekesho tu kama asingeumia mtu. Kuna binti mmoja, mwaka wa pili wa diploma, mama yake anauza chapati na maharage asubuhi na ndizi za kukaanga jioni ili ada itoke. Binti aliposikia maneno ya staa akaanza kukwepa vipindi. Sasa hivi yuko kwa staa kama msaidizi. Anabeba stendi za taa, anashika kiakisi mwanga juani Coco Beach, anakesha kuediti picha za sendofu. Malipo? Koneksheni. Siku moja staa alichelewa, binti akapiga picha ya bibi harusi na baba yake wakiwa wamesimama mlangoni kabla ya kutoka. Picha ile ilipendwa kuliko zote. Ikapostiwa na nembo ya staa kwenye kona. Jina la binti halipo popote.

Huyo ndiye mwalimu ambaye madogo wanaambiwa anatosha badala ya chuo.

Wasiosoma chuo wapo, na ni wakali

Tuhuma ya kwanza itakayorushwa hapa inajulikana: mbona wakali wengi hawakusoma? Ni kweli, na anayelikataa hilo haijui historia ya picha Afrika. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alikuwa fundi seremala. Mjomba wake alimletea kikamera cha Kodak Brownie mwaka 1935 akiwa dogo, na mwaka 1948 akafungua studio ambayo picha zake leo zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alianza na kamera akiwa mwanafunzi wa shule, akafungua Camerapix hapa hapa Dar mwaka 1963, na picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia nzima. Hakuna aliyemuuliza Mohamed Amin cheti.

Lakini ingia ndani kidogo, usiishie kwenye kichwa cha habari. Keïta hakujifungia chumbani na kipaji. Kulikuwa na mpiga picha mwingine Bamako, Mountaga Dembélé, aliyemwonyesha kazi ya kusafisha na kuchapisha picha. Maana yake alikuwa na mtu wa kuiangalia kazi yake. Hakwenda chuo, ila alifundishwa.

Na mwenzake wa mji huo huo, Malick Sidibé, yule wa picha za vijana wa Bamako wakicheza muziki kwenye pati za miaka ya 1960? Huyo alipita chuo cha sanaa za mikono, akajifunza kuchora na kutengeneza mapambo ya vito kabla hajaingia kwenye studio ya Mfaransa mmoja kama msaidizi. Mwaka 2007 Venice wakampa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Ukiangalia anavyopanga mistari ya nguo na zulia na pazia kwenye studio yake, unajua kabisa huyu mtu alishawahi kushika penseli.

Sasa njoo kwa James Barnor wa Ghana, maana huyu ndiye anayemaliza ubishi. Miaka ya 1950 alikuwa na studio yake Accra, inaitwa Ever Young. Alikuwa anapiga picha za gazeti, alimpiga Nkrumah, aliupiga uhuru wa Ghana mwaka 1957. Kwa lugha ya mjini, alikuwa staa tayari. Mwaka 1959 akapanda kwenda Uingereza, na huko akaenda kukaa darasani, chuo cha sanaa cha Medway, mji wa Rochester. Mtu mwenye studio, mwenye jina, mwenye wateja, akakubali kuwa mwanafunzi tena. Alipiga picha za majalada ya jarida la Drum, akajifunza kazi ya kusafisha picha za rangi, na aliporudi nyumbani akasaidia kuanzisha maabara ya kwanza ya picha za rangi Ghana. Madogo wa Accra wakapata kitu ambacho hakikuwepo.

Na kama Ghana ni mbali, chukua Priya Ramrakha, mtoto wa Nairobi, amezaliwa mwaka 1935. Alishapiga picha za magazeti Kenya wakati wa ukoloni, tena picha ambazo wakoloni hawakuzipenda. Bado akaenda kusoma Art Center ya Los Angeles, chuo cha sanaa na ubunifu kinachoheshimika hadi leo. Akawa mmoja wa Waafrika wa kwanza kufanya kazi na majarida ya Time na Life. Aliuawa Oktoba 1968 akiwa kazini kwenye vita vya Biafra, Nigeria. Huyo naye YouTube ingemtosha?

Ukuta wa kuchanwa

Swali la maana ni hili: hao watu walifuata nini darasani wakati kamera walishaijua?

Hawakufuata vitufe. Vitufe kweli YouTube inafundisha, tena vizuri kuliko wakufunzi wengi. Kasi ya shata, tundu la lenzi, ISO, yote hayo dogo mwenye bando anayamaliza wikiendi moja. Kama chuo kinauza vitufe peke yake, staa ana haki ya kukicheka.

Kitu ambacho YouTube haina ni ukuta. Kwenye chuo cha sanaa kilicho chuo kweli, wanafunzi wanachapisha picha zao, wanazitundika ukutani, darasa zima linasimama mbele. Mwenye picha ananyamaza. Wenzake wanasema wanachokiona, siyo alichokusudia. Mwalimu anauliza. Kwa nini ulisimama hapa, usisimame pale? Huyu mtu wa nyuma anatafuta nini kwenye fremu yako? Mwanga unatoka wapi? Picha 20 zote umezipiga kamera ikiwa usawa wa kifua chako, ni picha ilitaka hivyo au ni wewe hukutaka kuchuchumaa? Kwa lugha ya mtaani, unachanwa. Unachanwa leo, unachanwa wiki ijayo, na siku moja unajikuta unaichana picha yako mwenyewe kabla hujabonyeza.

Hapo ndipo mpiga picha anapozaliwa. Na hapo ndipo Instagram haifiki, kwa sababu Instagram inajua kitu kimoja tu: moto. Emoji ya moto, emoji ya moyo, "umetisha mwanangu". Nani kwenye komenti atakuambia picha yako imekufa? Rafiki hataki kukuudhi, shabiki haoni, na mpinzani wako wa kibiashara anafurahi ubaki hivyo hivyo.

Chukua mfano wa kawaida kabisa, harusi ya Jumamosi. Bibi harusi kavaa shela jeupe, bwana harusi suti nyeusi, wote ngozi zao nyeusi nzuri, ukumbini kuna taa za zambarau. Kamera haijui harusi. Kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kukisia kwamba chochote kilicho mbele yake ni kijivu cha katikati. Ukijaza fremu na shela, kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza: shela linakuwa kama limefuliwa na maji ya matope na sura zinazama gizani. Ukijaza fremu na suti, kamera inadhani kuna giza, inaongeza: shela linaungua, nakshi zote zinapotea.

Dogo ambaye hajawahi kuchanwa hajui hilo. Anarudi nyumbani, anafungua programu, anavuta mwanga juu mpaka sura zitoke. Zinatoka na rangi ya majivu. Ili kufunika majivu anaweka filta ya kulainisha, halafu anabandika rangi za kununua mtandaoni ambazo mtu wa Marekani alizitengenezea wateja wake wa kizungu. Matokeo: bibi harusi kawa mweupe kuliko alivyozaliwa, hana pua, hana kovu, hana sura. Kwenye komenti: moto, moto, moto. Ni shangazi peke yake sebuleni, akiishika albamu, ndiye anayeuliza: na huyu ni nani?

Shangazi ndiye mwalimu pekee aliyebaki kwenye hii biashara.

Ishu hii ya ngozi haikuanza na filta. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilitumia kadi za kurekebishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu. Kodak walizipa umaarufu tangu miaka ya 1950 na mafundi wakaziita kadi za Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, kazi imekwisha, ngozi nyingine itajijua. Waliofanya kazi Kodak wamesimulia kwamba mabadiliko kwenye filamu yalisukumwa sana na malalamiko ya wauza fanicha za mbao na chokoleti, waliotaka vivuli vya kahawia vionekane. Chokoleti ilitetewa kabla ya binadamu. Mpiga picha wa Dar asiyeijua habari hii anaendelea kumpiga mama yake kwa kipimo cha Shirley bila kujua. Hilo ni somo la siku moja darasani, na haliji kwenye klipu ya sekunde 30 yenye muziki wa amapiano.

Na wakufunzi nao wasijifiche

Walimu wa picha waliokuwa wanasoma huku wanatabasamu, zamu yenu imefika. Staa amepata pa kusimama kwa sababu nyie mmemwachia nafasi.

Yupo mkufunzi mmoja, naye jina kapuni na chuo kapuni. Kipindi chake cha picha kinaenda hivi: anaingia na daftari lililochakaa, anasoma, wanafunzi wanaandika. Historia ya kamera. Aina za kamera. Sehemu za kamera. Darasa lina wanafunzi 40 na kamera 2, moja betri yake haikai na chaji. Mtihani unauliza: taja sehemu 7 za kamera na ueleze kazi ya kila moja. Mwanafunzi anapata A ya picha bila kupiga picha. Ukuta upo, umepakwa rangi mpya, na kuna bango limeandikwa usibandike kitu.

Muulize mkufunzi huyo mara ya mwisho kupiga picha ya kumwonyesha mtu ni lini. Atakuambia majukumu ya ofisi yamembana. Muulize kwa nini hachani kazi za wanafunzi, atasema vijana wa siku hizi wanalia, wazazi wanapiga simu, ni bora kuwapa alama na kila mtu aende kwake kwa amani. Amani ya nani? Mama wa chapati analipa ada ili mwanawe aambiwe ukweli na mtu anayejua. Ukimnyima huo ukweli ili usisumbuliwe, umekula hela yake. Kwa hilo huna tofauti na staa, isipokuwa yeye anatoa na msosi.

Na msitoe kisingizio cha vifaa. Vyuo vilivyotengeneza watu havikuwa na miujiza. Bauhaus ya Ujerumani, chuo cha ubunifu ambacho dunia nzima inakiiga, ilifunguliwa mwaka 1919 na ikakaa miaka 10 bila darasa rasmi la picha. Walipolianzisha mwaka 1929 walimkabidhi Walter Peterhans, mtu aliyetoka kwenye studio yake Berlin, mikono bado ina harufu ya dawa za kusafishia picha. Walitafuta mtu wa kazi.

Alexey Brodovitch, aliyekuwa akisanifu kurasa za jarida la Harper's Bazaar, alifundisha Marekani kuanzia miaka ya 1930. Silaha yake ilikuwa kutoa kazi ya nyumbani na kuichana mbele ya watu, na hakuwa na huruma. Waliopita mikononi mwake ni pamoja na Irving Penn na Richard Avedon, majina ambayo kila mpiga picha wa mitindo mjini anayaiga, awe anajua au hajui.

Harry Callahan yeye ndiye wa kumziba mdomo staa na mkufunzi kwa pamoja. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya magari ya Chrysler, Detroit. Akaanza kupiga picha mwaka 1938, akajifunza mwenyewe na wenzake wa klabu ya kamera. Hakuwa na diploma ya picha. Mwaka 1946 akaajiriwa kufundisha chuo cha ubunifu Chicago, mwaka 1961 akahamia chuo cha ubunifu cha Rhode Island na akakijenga kitengo cha picha hadi alipostaafu mwaka 1977. Kumbe asiyesoma chuo anaweza kuheshimu chuo. Kumbe mtu aliyejifunza mtaani anaweza kuingia darasani kuwatoa wenzake kwenye shida aliyoipitia, badala ya kuwaambia darasa halina maana. Na katika miaka yote hiyo hakuacha kupiga picha.

Kwa Afrika mfano upo Johannesburg. Mwaka 1989, ubaguzi wa rangi ukiwa bado sheria Afrika Kusini, mpiga picha David Goldblatt alianzisha Market Photo Workshop, shule ya picha kwa vijana waliofungiwa milango ya vyuo. Haikuanza kwa majengo ya kifahari. Zanele Muholi amepita pale, na mwaka 2020 kazi zake zikajaza kumbi za Tate Modern, London. Huyo ni mwanafunzi wa shule ya picha, Afrika hii hii.

"Wateja hawaulizi cheti"

Hii ndiyo kauli inayopendwa kuliko zote, na ina ukweli. Hakuna bibi harusi aliyewahi kusema nionyeshe cheti kwanza. Anauliza bei na anaangalia ukurasa wako.

Ila mteja anauliza vitu vingine. Mbona siyo mimi? Mbona uliniahidi picha wiki 2, sasa ni miezi 3? Mbona picha ya mwanangu iko kwenye tangazo la saluni na hakuna aliyeniomba ruhusa? Hapo kipaji hakijibu. Hapo inajibu elimu: mkataba wa kurasa 2, ruhusa ya maandishi, kuhifadhi mafaili sehemu zaidi ya moja, kujua picha hii ni ya kazi gani na ile haifai kutoka kabisa. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sura ya mtu siyo njugu za kugawa barabarani.

Na hapa ndipo staa anapoogopa chuo hasa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi wa kazi, picha ikiwemo, na inampa haki ya kutajwa kwamba kazi ni yake. Kuna COSOTA ya kwenda kuuliza. Msaidizi aliyekaa darasani akafundishwa haya angeuliza kabla ya kushika stendi: tumekubaliana nini kwa maandishi, picha nitakazopiga ni za nani, na jina langu litakaa wapi? Msaidizi asiyefundishwa anaambiwa asante kwa koneksheni. Ukishaona hivyo, lile laivu linaeleweka. Kumwambia dogo asisome ni kujitengenezea wafanyakazi wasiouliza.

Kabla hujalipa hata shilingi

Kwa dogo anayesubiri kujua aende au asiende: usimsikilize staa, na usiingie chuo kichwa kichwa. Kabla ya kulipa ada, au hiyo laki 3 ya semina, fanya ukaguzi.

Tembelea mahali hapo siku ya kazi. Tafuta ukuta. Kama hakuna picha za wanafunzi zilizotundikwa, uliza zinaangaliwa wapi na mara ngapi. Jibu likiwa mwisho wa muhula, geuka.

Omba kuona picha za mwalimu za mwaka huu. Siyo za enzi za filamu, za mwaka huu. Mwalimu wa kweli hatakasirika, atakuuliza na wewe umekuja na zipi.

Hesabu kamera, kisha hesabu wanafunzi. Uliza kama unaruhusiwa kutumia simu yako pale kamera zinapopungua. Chuo kinachokataa simu huku hakina kamera kinakutania.

Uliza kama kuna somo la mikataba, bei na hakimiliki. Uliza wahitimu wa miaka 3 iliyopita wako wapi, kisha watafute mwenyewe. Na ukikosa chuo chenye sifa hizo, au ada ikagoma, msijikunje. Kusanyeni watu 6 mtaani. Kila Jumapili kila mmoja achapishe picha 5 stationery, mzibandike ukuta wa nyuma wa nyumba ya mtu, mchanane saa 2 bila kununiana. Mwalikeni na shangazi. Mtakuwa mna chuo kuliko vyuo vingi vyenye geti.

Kwa mkufunzi: pini na karatasi havihitaji kibali cha wizara. Anza kesho, na picha ya kwanza kutundikwa iwe ya kwako.

Kwa staa: unajua mengi, hilo hakuna anayekunyima. Unajua namna ya kumtuliza bibi harusi anayetetemeka, namna ya kuufanya mwanga wa saa 11 jioni ukae kwenye shavu. Hivyo vitu vinahitajika darasani. Nenda kafundishe hata siku moja kwa wiki, uwachane vijana na wao wakuchane. Walipe wasaidizi wako. Na ile picha ya baba na binti yake mlangoni, ifungue leo, weka jina la aliyeipiga. Inachukua sekunde 10, na watu wote wa mjini wanaojua nani aliipiga wanasubiri kuona.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Umesoma picha chuoni, ulichanwa au uliandika notisi? Umekuwa msaidizi wa staa, ulilipwa au ulipewa koneksheni? Dondosha komenti hapo chini. Majina yabaki kapuni, ila povu ruksa.